Upangishaji wa Vyumba Kilosa na Mikumi Tangu Enzi ya Reli

Mwenye nyumba mdogo, yaani mtu anayepangisha chumba kimoja hadi sita katika nyumba ambayo mara nyingi naye huishi humo humo, hatajwi sana katika vitabu vya historia ya Tanzania, ingawa ndiye aliyewapa malazi watu wengi walioendesha uchumi wa Wilaya ya Kilosa. Taratibu anazozifuata leo, kuanzia kudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo hadi kumtambulisha mpangaji mpya kwa mwenyekiti wa kitongoji, huchukuliwa kuwa desturi za tangu na tangu, lakini zikichunguzwa huonekana kuwa nyingi ni changa, na kwamba zilitokana na aina ya wapangaji walioletwa na reli, mashamba, barabara na miradi. Kwa kuwa Kilosa ilikuzwa na reli na Mikumi ikakuzwa na barabara, miji hiyo miwili ya wilaya moja imejifunza upangishaji kwa njia mbili.

Kabla ya reli, ardhi ya bonde la Mkondoa ilikuwa mikononi mwa koo za Wasagara na Wakaguru, jamii zinazofuata ukoo wa mama, na mgeni aliyetaka kukaa aliomba ruhusa ya wenyeji wala hakulipia chumba. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, na katika miaka hiyo ya kati ndipo ilipopita Kilosa, ikaleta makarani, mafundi, wafanyakazi wa stesheni na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu. Mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yalileta watu wengi zaidi, lakini hao hawakuwa wapangaji. Manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotambuliwa kwa namba, walilala katika kambi za mwajiri, na mkataba ulipokwisha, malazi nayo yalikwisha. Soko la vyumba mjini liliwategemea waliokuwa nje ya kambi: wachuuzi, mafundi cherehani, wauza pombe, na manamba waliomaliza mkataba wakaamua kutorudi kwao.

Nyumba iliyowapokea ni ile ijulikanayo kama nyumba ya Kiswahili, ambayo ramani yake imedumu kuliko sheria yoyote ya pango. Mbele kuna kibaraza. Mlango mmoja huingia kwenye ukumbi mrefu ulio katikati, wenye vyumba vitatu kila upande. Nyuma kuna ua wenye jiko, choo na bafu vya pamoja. Umbo hilo lilimwezesha mwenye nyumba kujenga kidogo kidogo, akaezeka vyumba viwili na kuvipangisha, kisha kodi yake ikanunua bati za vingine. Lilimfanya pia kuwa msimamizi asiye na likizo, kwa sababu zamu ya kufagia ua, kuni za nani zimekaa wapi, na mgeni wa nani amelala siku ngapi yalikuwa mambo ya kuamuliwa kila siku, wala hayakuandikwa popote. Kilichoandikwa kilikuwa daftari la kodi, lenye jina la mpangaji, mwezi na kiasi alicholipa, na pale ambapo mwenye nyumba alitoa stakabadhi mabishano yalipungua.

Baada ya Uhuru serikali iliwatazama wapangishaji kwa jicho la shaka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, katazo lililomhusu pia mke au mume wake, na mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majumba ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba ya udongo yenye vyumba sita haikukaribia thamani hiyo, kwa hiyo mwenye nyumba mdogo wa Kilosa aliachwa na mali yake, na kwa kiasi fulani aliachiwa soko pia. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilikuwa imeanzisha mashina ya nyumba kumi, na mjumbe wa shina alitakiwa kumjua kila mgeni. Utaratibu wa kumtambulisha mpangaji ulitokana na ulinzi huo wa kisiasa, kisha ukahamia kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye leo huombwa kuwa shahidi wa mkataba na kuugonga muhuri.

Sheria za kudhibiti kodi ya pango, zilizoanza enzi za Waingereza na kuandikwa upya mwaka 1962 na 1984, zilimzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya baraza la nyumba. Ulinzi huo ulikuwa wa maana katika miji mikubwa, lakini mtu wa Mikumi, aliye zaidi ya kilomita 100 kutoka Morogoro mjini, alikuwa na sababu ya kumalizana na mpangaji wake mbele ya mjumbe. Sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2005, kilichobaki ni makubaliano ya pande mbili chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo inaruhusu upangaji usiozidi mwaka mmoja kufanywa hata kwa mdomo. Ruhusa hiyo imewaponza wengi, kwa kuwa mkataba wa mdomo ni rahisi kuanzisha na mgumu kuthibitisha mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mikumi ilikua kwa mwendo mwingine. Reli ya tawi kutoka Kilosa kwenda Kidatu, iliyojengwa kwa ajili ya sukari ya Kilombero, ilipitia hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1964. Kisha barabara kuu ya kwenda Zambia ikawekwa lami, na njia panda ya kwenda Ifakara ikawa kituo cha madereva, utingo na wachuuzi. Mpangaji wa Kilosa wa zamani alihamishwa kwa barua, na deni lake lingeweza kufuatwa kwa mwajiri wake. Wa Mikumi aliondoka usiku na lori. Katika mazingira hayo malipo ya mwisho wa mwezi hayakuwa na mantiki, na kodi ya miezi mitatu au sita mkononi ikawa kinga. Upande wa Kidodi na Ruaha huongezeka suala la msimu, kwa kuwa wakata miwa huja kiwanda kinaposaga na hupungua masika, hivyo mwenye nyumba anayepanga matumizi yake kwa miezi 12 hukwama.

Mafuriko ya Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa nyumba nyingi za Kilosa na kung'oa reli, treni zikasimama kwa miezi, na walioathirika walihifadhiwa katika kambi. Mwenye nyumba alipoteza vyumba na wapangaji kwa pamoja, kwa sababu tofali mbichi haihimili maji yaliyotuama. Miaka michache baadaye ujenzi wa reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, ulileta wapangaji wenye mishahara, nao, kama manamba kabla yao, walikaa kadiri kazi ilivyodumu.

Mgogoro wa sasa ni mdogo kwa fedha lakini huzungumzwa sana uani. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, kwanza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 kwa shilingi 1,500. Mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme, na katika nyumba yenye mita moja na vyumba sita hilo humwangukia mpangaji aliyetangulia kuishiwa subira gizani. Wenye nyumba wengine huipunguza fedha hiyo kwenye kodi ya pango. Wengine huongeza kifungu katika mkataba kinachomwachia mpangaji. Walio wengi hawajaandika lolote.