Zulia la Majani Chini ya Maji

Miongoni mwa kazi ambazo mwanadamu amejitungia kwa kuburudisha macho yake, ipo moja iliyo nyepesi kwa mtazamaji na nzito kwa mtendaji. Nayo ni kuotesha zulia la majani katika sakafu ya hodhi dogo la kioo. Mtazamaji huona uwanda wa kijani uliotulia chini ya maji, na samaki wawili watatu wakipita juu yake kama ndege juu ya malisho, akadhani kuwa uwanda huo umeota wenyewe. Mtendaji anajua kuwa ulichukua mwaka mzima, pengine zaidi, na kuwa katika mwaka huo ulikaribia kufa zaidi ya mara moja. Historia ya kazi hii si ndefu, lakini ndani yake limo kosa moja lililodumu karibu miaka 100: kosa la kudhani kuwa usawa wa viumbe, ukisha kupatikana, hujilinda wenyewe.

Chanzo cha kazi hii hakikuwa katika mapambo bali katika udadisi wa matabibu. Katika mwaka 1779 Jan Ingenhousz, tabibu Mholanzi aliyekuwa akifanya utafiti wake Uingereza, alitangaza jambo alilolivumbua kwa kuzamisha majani katika maji. Jua likiyapiga, vipovu vya hewa vilitoka juu ya majani. Giza likiingia, vipovu vilikoma. Hivyo ilidhihirika kuwa mmea husafisha hewa kwa nguvu ya nuru, na nuru ikiondoka kazi hiyo husimama. Miaka 50 baadaye, katika mwaka 1829, tabibu mwingine, Nathaniel Bagshaw Ward wa London, aliweka pupa wa nondo ndani ya chupa yenye udongo mnyevu, akaifunika. Nia yake ilikuwa kumwona nondo akitoka. Badala yake aliona kangaga ikichipua katika udongo ule, ilhali kangaga alizojaribu kuzipanda uani kwake zilikuwa zimeuawa na moshi wa makaa wa mji ule. Basi akatambua kuwa mmea waweza kuishi ndani ya kioo, na kitabu chake juu ya habari hiyo kikatoka mwaka 1842. Masanduku ya kioo yaliyofuata mfano wake yalivusha mimea hai katika bahari zote.

Ward alifungia mmea katika hewa. Aliyeufungia katika maji pamoja na samaki, akaandika kwa makini yaliyotokea, alikuwa Robert Warington, mwanakemia wa London. Wakati ulikuwa umemfaa, kwa kuwa kodi ya kioo ilifutwa Uingereza mwaka 1845, na bei ya kioo ikashuka. Warington alitwaa chombo cha kioo, akatia maji, mchanga, samaki wawili wa dhahabu na mmea mmoja uitwao Vallisneria, wenye majani marefu membamba mithili ya utepe. Kwa muda mambo yalikwenda vyema. Kisha majani makuukuu yakaanza kuoza, maji yakafifia, na utelezi wa kijani ukapanda juu ya kioo. Warington hakukata tamaa wala hakumwaga maji. Alitafuta kiumbe ambaye chakula chake ni uozo, akatia konokono wa majini. Konokono wakala majani yaliyooza na utelezi, maji yakang'aa tena. Habari hiyo ilisomwa mbele ya wanakemia mwaka 1850, na ndani yake mlikuwa na wazo lililowapendeza watu mno: samaki humpa mmea, mmea humpa samaki, konokono huwasafishia wote wawili, na ulimwengu mdogo hukamilika ndani ya chombo.

Wazo hilo lilienea upesi. Katika mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichoipa vyombo hivyo jina linalotumika hata leo katika lugha nyingi. Nyumba za watu wenye nafasi zikajaa mahodhi. Walakini wengi waliyachukua maneno na kuuacha uangalizi. Walisikia kuwa viumbe hulingana wenyewe, wakajaza samaki kupita kiasi, wakaweka hodhi dirishani, wakangoja. Jua lilipasha maji moto, samaki wakafa, harufu ikaingia sebuleni. Miaka ya 1860 haikumalizika kabla ya shauku ile kupoa.

Shauku ilipoa, lakini kosa halikufa. Vitabu viliendelea kufundisha kuwa mimea ikitosha, hodhi hujitegemea. Ilikuwa mwaka 1949 James Atz, mtaalamu wa samaki wa New York, alipoandika waziwazi kuwa hodhi lenye usawa wa namna hiyo ni ngano tu. Hoja yake haikuwa ngumu. Sehemu kubwa ya pumzi ya samaki huingia kwa njia ya uso wa maji unaogusana na hewa, si kwa mimea peke yake. Na usiku mimea yenyewe huvuta oksijeni kama samaki. Kwa hiyo kinacholiweka hodhi hai si mapatano ya siri baina ya mmea na mnyama. Ni mkono wa mtu unaobadili maji, unaopunguza samaki, na unaoondoa uozo kabla haujawa sumu. Na ukweli ni kwamba Warington mwenyewe alikuwa shahidi wa jambo hilo, kwa maana konokono wale hawakuingia wenyewe katika chombo chake. Yeye ndiye aliyeona haja, akawatia.

Wakati huo huo Waholanzi walikuwa wamekwisha kuigeuza kazi hii kuwa sanaa ya bustani. Taa ya umeme iliwaondolea utumwa wa dirisha, wakapanda mimea kwa safu na kwa rangi, mirefu nyuma na mifupi mbele. Katika bustani zao sakafu ya hodhi ilikuwa njia tu ya kuliongoza jicho kwenye vichaka. Aliyeifanya sakafu kuwa ndiyo habari yenyewe alikuwa Mjapani, Takashi Amano wa Niigata, aliyezaliwa mwaka 1954, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano. Amano alitaka kuona ndani ya kioo kile alichokiona milimani na kondeni: jiwe, gogo, na uwanda wa majani uliotandazwa mpaka mbele.

Kikwazo chake kilikuwa hewa ya ukaa, ambayo ndiyo chakula kikuu cha mmea. Katika maji hewa hiyo husafiri polepole mara kama 10,000 kuliko inavyosafiri katika upepo, na mmea mfupi ulio chini kabisa hupata kidogo mno. Yasimuliwa kuwa Amano alianza kwa kumimina maji ya soda katika hodhi. Baadaye akaipitisha hewa hiyo majini kwa vipovu vidogo sana, na katika mwaka 1982 akaanzisha kampuni ya kutengeneza vyombo vya kazi hiyo. Hapo majani madogo ya Glossostigma, mmea wa Australia na New Zealand, yakatambaa yakafunika mchanga. Na kama Warington alivyotafuta konokono, Amano alitafuta uduvi wadogo wa mito ya kwao, akawatia wale mwani. Miaka mia na zaidi ilikuwa imepita, na fundi alikuwa amerudi pale pale: kutafuta msafishaji.

Lakini zulia liotalo upesi lina gharama yake. Lataka nuru kali, hewa ya ukaa kila siku, na mkasi kila baada ya siku chache. Likiachwa, hujipandia lenyewe, majani ya chini hukosa nuru, yakaoza, na zulia zima likang'oka na kuelea. Katika hodhi dogo la lita 20 au 30 hatari huzidi, maana maji machache hupata joto upesi na kuchafuka upesi. Ndiyo sababu wenye mahodhi madogo wengi wamegeukia mimea ya mwendo mwingine. Mmoja wake ni Cryptocoryne parva wa Sri Lanka, uliotangazwa kwa jina hilo mwaka 1970 na Hendrik de Wit, mtaalamu wa mimea Mholanzi. Neno parva kwa Kilatini maana yake ni ndogo, na kwa kweli huo ni mfupi kuliko ndugu zake wote. Hula kwa mizizi zaidi, hustahimili nuru ya kadiri, hauhitaji mkasi. Hutoa jani moja, hungoja, hutoa jingine.

Kungoja huko ndiko mtihani. Aghalabu mimea hii hukuzwa vitaluni majani yakiwa hewani. Ikizamishwa, majani yale ya hewani hulegea, huwa kama yaliyoyeyuka, yakapotea. Asiyejua husema mmea umekufa, akaung'oa na kuutupa, ilhali shina lake fupi lililofichwa mchangani li hai na linatayarisha majani ya majini. Mimea mingapi imetupwa ikiwa hai! Anayejua huacha mizizi mahali pake. Alikwisha kuitenga mimea mmoja mmoja na kuipanda kwa koleo ndogo, ikiachana kwa vidole viwili hivi; sasa hupunguza saa za taa, hubadili maji mara kwa mara, na kando yake hupanda kwa muda mimea ikuayo upesi ili inyang'anye mwani chakula. Zulia likianza kushikana, huing'oa ile mingine.

Kwa maana adui wa mmea wa polepole ni kiumbe wa haraka. Jani linalodumu miezi mingi ni uwanja mwema kwa mwani, ambao hauhitaji miezi bali siku. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu hudhani kuwa methali hizi mbili zinagombana. Katika hodhi dogo hazigombani hata kidogo. Katika kukua kwa mmea, haraka haina baraka: nuru ikiongezwa kwa kuuhimiza, hunufaika mwani kwanza. Katika kuondoa uozo, kungoja ndiko kunakoumiza. Fundi ni yule ajuaye ni wakati gani methali ipi inasema kweli.

Amano alifariki mwezi wa Agosti mwaka 2015, miezi michache baada ya kukamilisha kazi yake kubwa kuliko zote, hodhi la urefu wa mita 40 katika nyumba ya viumbe wa bahari mjini Lisbon. Hodhi lile halitunzwi na usawa wake lenyewe. Hutunzwa na watu wanaoingia majini kukata na kusafisha. Na hodhi la lita 20 juu ya meza halina sheria nyingine. Siku mtunzaji atakapolipa kisogo kwa kudhani kuwa limekamilika, mwani utaanza kupanda ukingoni mwa zulia, jani kwa jani, na kazi ya mwaka mzima itarudi mchangani kwa majuma machache.