Kushusha tawi juu ya mabati: zungusha kamba mbele ya kukata

Mujini, kama Bukavu ao Butembo, nyumba zimebanana, na muti wa kukatwa mara nyingi uko juu ya mabati ya jirani. Basi tawi linafungwa kamba, linakatwa, linashushwa pole pole. Kosa la kawaida ni watu watatu kushika kamba kwa mikono tu, eti nguvu iko. Tawi la kilo 100 likiachia, kamba inachoma viganja, ao inamuvuta mutu mpaka kwenye shina.

Uzito unashikwa na msuguano. Mafundi wenye vifaa wanafunga chini ya shina bomba fupi la chuma, kisha wanazungusha kamba juu yake. Tukihesabu msuguano wa 0,25, muzunguko mumoja unabakishia mukono karibu kilo 20. Miwili, chini ya kilo 5. Bila bomba, shina lenyewe linasaidia, ila ganda linakula kamba, na huwezi kujua mbele itateleza namna gani.

Lakini usizidishe mizunguko. Kamba ikikwama gafla, tawi linasimama kwa kishindo, na pale juu kamba ilipopitia, hasa kwenye puli, panabeba zaidi ya mara mbili ya uzito. Muti wenye kuoza ndani unaweza kuvunjika hapo, na mukataji angali juu. Iache kamba ikimbie kidogo, kisha kaza pole pole. Na usiizungushe mukononi hata mara moja.