Northcote Hafi

Nilipoacha chuo nilianzisha mchezo wa kusimulia: watu wanne, dadu, na daftari ninaloandika yaliyotokea ili wiki ijayo tusijipinge. Hadithi yetu inaanzia Kisii, Januari 1908, Otenyo akimchoma mkuki afisa wa Waingereza, Northcote. Juzi beshte yangu wa Nyamira alirusha dadu, ikaja sita. "Amekufa!" Nikakataa. Northcote alipona, 1937 akawa gavana wa Hong Kong.

Kuhusu Moraa, aliyemchochea Otenyo, sibishani: kuna wanaomwita shangazi yake, wengine mama. Daftarini yamo yote. Lakini Waingereza walichoma nyumba na kuua watu wetu kwa sababu ya jeraha tu. Tukimuua mezani, kisasi kile kitaonekana malipo ya haki.

"Sawa," akasema, "lakini mkuki ulimfika."

Hilo nimeandika.