Mkataba wa dereva avukaye mpaka

Mwenye malori nchini Tanzania anayeajiri dereva wa kufanya kazi nje ya nchi anatakiwa kuwa na mkataba wa maandishi. Ndivyo inavyoelekeza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Maelezo ya ajira, yaani kazi, mahali pa kazi, saa na mshahara, huandikwa pia. Yakibadilika, mwajiri huyarekebisha kwa kushauriana na mwajiriwa na kumjulisha kwa maandishi.

Tunza maelezo hayo miaka 5 baada ya ajira kukoma. Ukishindwa kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa ni wako, si wa dereva. Hivyo mshahara ukipanda, rekebisha karatasi kabla lori halijaondoka.