Pikipiki ya Chama na Kabureta Yake

Ndugu wanachama, mambo makubwa ya miaka kumi ya chama chetu yamekwisha andikwa na wengine. Mimi nitaeleza habari ya pikipiki kuukuu ya ofisi, iliyochukua hesabu zenu kutoka Handeni hadi Korogwe.

Pikipiki si ngeni katika nchi hii. Majeshi ya Jenerali Smuts yalipoitwaa miji yetu hii miwili, Juni 1916, katika vita vile kilikuwamo kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Yetu ni Honda CG125, aina iliyotolewa kwanza mwaka 1976 kwa ajili ya nchi zenye njia mbaya na mafundi wachache.

Katika mwaka wetu wa tatu ilianza kuzima njiani. Fundi alibadili plagi mara mbili, bure. Msimu wa mahindi ilizima porini, nami nimebeba orodha ya malipo. Wakulima walilipwa siku mbili baada ya siku iliyopangwa, na wengine wakasema katibu amekula fedha. Neno hilo liliniuma kuliko njaa ya usiku ule.

Hapo nikaazimu kujifunza. Kabureta huchanganya hewa na petroli, kadiri ya sehemu 15 kwa 1, kwa uzito. Hewa ipitapo penye wembamba huenda mbio, na petroli hupanda kwa kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Plagi ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi, au chujio la hewa limeziba; ikiwa nyeupe, petroli ni haba. Yetu ilikuwa nyeupe, wala hatukuijali dalili hiyo.

Nilifunga koki, nikafungua kikombe cha kabureta, nikakuta mchanga. Jeti nikaiosha kwa petroli na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli, bila kuichokonoa kwa waya, kwani waya hupanua tundu. Injini ikawaka.

Katika mkutano uliofuata niliiweka jeti ile mezani pamoja na daftari la malipo. Wazee waliichungulia kwenye mwanga, kisha wakakagua hesabu shilingi kwa shilingi. Hakuna iliyopungua.

Tangu hapo petroli huchujwa kwa kitambaa, kikombe husafishwa kila mwezi, na kazi hiyo huandikwa daftarini kama uzito wa magunia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi ufa wetu ulikuwa chembe ya mchanga.