Riwaya za Majira ya Baridi: Mfano wa Iceland

Orodha za riwaya zinazopendekezwa kusomwa majira ya baridi huchukuliwa na wahakiki wengi kuwa jambo la wauza vitabu, lisilostahili nafasi katika historia ya fasihi. Mfano wa Iceland unaonyesha kwamba dharau hiyo ni ya pupa. Huko, swali la kisomwe nini katika miezi ya giza liliwahi kutolewa amri ya mfalme.

Katika nyumba za wafugaji, jioni za baridi zilikuwa wakati wa kazi za sufu: kuchambua, kusokota, kufuma. Wenyeji na watumishi walikaa chumba kimoja, na mmoja wao, karibu na taa, akawasomea wengine. Desturi hiyo iliitwa kvöldvaka, yaani mkesha wa jioni. Kilichopendwa zaidi kilikuwa saga, masimulizi ya kale ya nathari, na rímur, ambazo ni mithili ya tenzi za visa. Mara nyingi vilisomwa kutoka miswada iliyonakiliwa kwa mkono. Mwaka 1746 utawala wa Denmark ulitoa amri juu ya nidhamu ya nyumbani, na makasisi wakatakiwa kuwaonya watu dhidi ya visa hivyo. Amri haikufua dafu. Kunakili kuliendelea hata katika karne ya 19. Aghalabu husahauliwa kwamba wengi katika hadhira hii walisoma kwa masikio, mikono ikiwa kazini.

Kwa hiyo riwaya ya Jón Thoroddsen, Piltur og stúlka (1850), ilikuta wasikilizaji waliokwisha kufundwa. Lakini mvutano wenyewe unaonekana katika kazi mbili za miaka ya 1930. Aðventa ya Gunnar Gunnarsson (1936), iliyoandikwa kwa Kidenmaki, inamfuata Benedikt, mbwa wake na kondoo dume wake, wakipanda milimani siku za Majilio kuwatafuta kondoo waliosahaulika. Ni fupi, na imezoeleka kusomwa kwa sauti kila Desemba. Katika Sjálfstætt fólk ya Halldór Laxness (1934–35), Bjartur naye anatoka kumtafuta kondoo. Kondoo huyo amekwisha kuchinjwa na mkewe, Rósa, kwa njaa ya nyama. Bjartur anaporudi kutoka tufani anamkuta Rósa amefariki katika uzazi, na mtoto yu hai kwa joto la mbwa. Tendo ni lile lile. Kwa Gunnarsson ni sadaka. Kwa Laxness ni upofu wa mtu anayeuita ufukara wake uhuru. Anayependekeza ya kwanza peke yake amekwisha kuamua baridi ina maana gani.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadili sura ya mambo. Bidhaa nyingi za kigeni zilidhibitiwa, karatasi kwa kiasi kidogo zaidi, na kitabu kikawa zawadi ya Krismasi. Tangu 1944, mwaka wa jamhuri, wachapishaji wakatoa katalogi ya vitabu vipya, ambayo kwa miaka mingi ilifikishwa bure majumbani. Kufurika huko kwa vitabu huitwa jólabókaflóð. Riwaya nyingi hungojea miezi hiyo ili zitoke, hata mwandishi akiwa amemaliza mapema. Zamani aliyekaa karibu na taa aliwachagulia watu wa nyumba moja, na waliochoshwa waliweza kumwambia papo hapo.