Bourke: Bandari ya nyikani inayotegemea rehema za mto Darling

WAAUSTRALIA wakitaka kutaja mahali pa mbali kupindukia, husema pako nyuma ya Bourke. Mji huo mdogo, wenye wakazi wasiofika 3,000, uko takriban kilomita 800 kaskazini magharibi mwa Sydney, katika jimbo la New South Wales. Ingawa bahari iko mbali sana, Bourke iliwahi kuwa bandari mashuhuri kwa sababu imejengwa kando ya mto Darling.

Wenyeji asilia wa eneo hili, wakiwemo Wangemba na Wabarkindji, waliishi kwa mto huo kwa maelfu ya miaka. Wabarkindji huuita Baaka. Mjini Brewarrina, kilomita 100 hivi mashariki mwa Bourke, mgeni anaweza kujionea mitego ya samaki ya mawe iliyojengwa na wahenga wao mtoni.

Mpelelezi Mwingereza, Charles Sturt, aliufikia mto huo mwaka wa 1829 wakati wa kiangazi na kukuta maji yake yana chumvi. Aliupa jina la gavana wa wakati huo, Ralph Darling. Mnamo 1835, Thomas Mitchell alijenga boma la magogo karibu na mahali ulipo mji wa leo na kuliita kwa jina la gavana Richard Bourke.

Mwaka wa 1859, nahodha William Randell alipandisha mto na meli yake ya mvuke, Gemini, hadi Brewarrina. Tangu hapo, meli zilileta unga, sukari na zana za kazi, kisha zikarejea kusini zikiwa zimesheheni marobota ya sufu ya kondoo. Hata hivyo, mvua zilipokosekana, meli zilikwama matopeni kwa miezi kadhaa zikisubiri maji.

Kumbukumbu kuu ya enzi hiyo ni daraja la North Bourke, lililofunguliwa mwaka wa 1883. Sehemu yake ya katikati iliweza kuinuliwa ili meli zipite. Miaka miwili baadaye reli iliwasili kutoka Sydney, na polepole ikawanyang'anya wenye meli mizigo yao.

Ni kwa reli hiyo ambapo mwandishi Henry Lawson alifika hapa mwaka wa 1892, akiwa kijana wa miaka 25. Alitembea kwa miguu hadi Hungerford, zaidi ya kilomita 200, na ukame aliouona ukawa chemchemi ya hadithi zake.

Makaburi ya mji nayo hayafai kupitwa. Humo mna msikiti mdogo wa mabati wa waendesha ngamia, walioitwa Waafghani ingawa wengine walitoka nchi ambazo leo ni India na Pakistan. Ngamia wao ndio waliofikisha mizigo kusikofika meli wala treni.

Aidha, humo amezikwa Dkt Fred Hollows, aliyefariki mwaka wa 1993. Daktari huyo wa macho aliwatibu wenyeji asilia wa Bourke na akasaidia Eritrea kuanzisha kiwanda cha lenzi mjini Asmara. Wakfu wenye jina lake umefanya kazi hata nchini Kenya.

Leo hii, swali kubwa mjini ni maji. Mashamba ya pamba na mazao mengine hunyonya sehemu ya maji ya mto na vijito vyake, na ugomvi wa nani achukue kiasi gani haujaisha. Katika ukame wa 2017 hadi 2020, mto ulikoma kutiririka kwa miezi mingi. Huko Menindee, mbali upande wa chini, samaki wengi mno walikufa kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, na tena Machi 2023.

Anayetaka kuzuru aepuke miezi ya Desemba hadi Februari, ambapo joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Treni ya abiria haifiki tena Bourke. Msafiri kutoka Sydney hushukia Dubbo na kuabiri basi. Akifika, atazame kwanza kimo cha maji mtoni. Wakazi wa Bourke nao hufanya hivyo, kwani mto ukikauka, mji nao huona kiu.